Type 59 yenye vumbi la Masaka: kupaka rangi na kuchakaza modeli ya kifaru, hatua kwa hatua

Ukimaliza kuunganisha modeli ya kifaru, kilichoko mezani ni kifaru ambacho hakijawahi kwenda popote. Anayekitazama hawezi kujua kama bado kiko kiwandani Baotou, China, au kiko njiani kuelekea Kampala. Rangi na uchakavu ndivyo vitakavyomwambia, na kwa vita vya huku kwetu habari yenyewe inaanzia kwenye udongo.

Maelekezo mengi ya kazi hii yametungwa na watu wa Ulaya, Marekani na Japani. Wanakufundisha tope la kahawia la Urusi, theluji inayoyeyuka, mchanga wa njano wa Libya. Niliyafuata neno kwa neno, nikamaliza kifaru changu cha kwanza cha Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda, nikamwita jirani yangu aje akione. Amekulia Bukoba. Alikizunguka mara mbili, akauliza: "Mbona vumbi lake kama saruji?" Nikarudi mezani.

Mfano nitakaoutumia ni Type 59 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kipimo cha 1:35, mwanzoni mwa Machi 1979, kati ya Masaka na Lukaya, Uganda. Masaka ilikuwa imeshachukuliwa mwishoni mwa Februari. Mapigano ya Lukaya yakaja tarehe 10 na 11 Machi. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Modeli ya Type 59 inatengenezwa na Trumpeter na MiniArt. Kama ulichonacho ni T-54 au T-55, usijali: Type 59 ni T-54A iliyotengenezwa China, na hatua ni zilezile.

Kabla ya kufungua kopo

Chagua siku moja katika maisha ya kifaru hicho. Mimi nimechagua mwanzo wa mvua za masika: juu kuna vumbi kavu la safari, chini kuna tope bichi la kinamasi cha Lukaya. Kifaru kiko kazini, kina wenyewe, kinatiwa mafuta na grisi kila siku. Kwa hiyo hakina kutu ya kutisha. Kutu inayomwagika ubavuni kama machozi ni ya kifaru kilichotelekezwa miaka kumi porini, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Kisha piga hesabu ya kipimo. Bodi ya Type 59, bila mtutu, ina urefu wa takriban mita 6. Kwenye modeli ni kama sentimita 17. Milimita moja ya modeli ni sentimita tatu na nusu za kweli. Mkwaruzo wa milimita 2 unaouona mdogo ni jeraha la sentimita 7, kama mtu amekipiga shoka. Hesabu hii itakuokoa mara nyingi kuliko brashi ya bei ghali.

Jua pia umbo la kitu chenyewe. Ekzosi iko upande wa kushoto, juu ya madigadi, karibu na nyuma. Gurudumu la meno linalovuta mnyororo liko nyuma. Hakuna magurudumu madogo ya juu ya kubeba mnyororo, kwa hiyo mnyororo unalala juu ya magurudumu makubwa na kubonyea. Kila moja kati ya hayo huamua moshi utapita wapi, mafuta yatavuja wapi na chuma kitang'aa wapi.

Usigundishe kila kitu kwanza. Acha nje magurudumu, minyororo, kamba ya chuma ya kuvutia na madramu ya dizeli ya nyuma. Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, kisha viache vikauke usiku mzima.

Tina ya gereji, na kwa nini uiogope

Kuna rangi za aina tatu utakazokutana nazo: akriliki, enameli na laka. Enameli wengi wetu tunaijua kwa harufu hata kama hatujui jina, maana ndiyo rangi ya baiskeli iliyotumiwa na Edward Saidi Tingatinga na wachoraji waliomfuata Dar es Salaam. Siri ya kazi yote hii ni kwamba kila tabaka lipakwe kwa kimiminika kisichoyeyusha tabaka la chini yake. Akriliki au laka chini, vanishi katikati, halafu enameli na rangi za mafuta za wachoraji juu, zikipunguzwa kwa tapentaini au waiti spiriti.

Tina ya gereji ni kitu kingine. Ina nguvu ya kung'oa rangi ya gari, na plastiki ya modeli mbele yake ni kama sukari kwenye chai. Niliwahi kupunguzia praima, ile rangi ya kwanza ya kushika plastiki, kwa tina ya aina hiyo kwa kubana matumizi. Praima ilishika vizuri ajabu, na bolti zote za bamba la mbele zikayeyuka nayo. Tumia tina iliyotengenezwa kwa rangi husika (kwa akriliki za kampuni ya Tamiya ni X-20A), na ile ya gereji ibaki ya kuoshea vyombo vya chuma. Mafuta ya taa nayo usiyatumie kupunguzia rangi: hukauka polepole na kuacha utelezi ambao vanishi haitaushika.

Eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, yenye tundu la milimita 0.3 na kompresa ndogo yenye tangi inatosha. Tangi lina faida ya ziada: umeme ukikatika katikati ya mkono wa rangi, unabaki na hewa ya kumalizia upande mmoja. Kama huna, makopo ya kupuliza kwa praima na kijani, na brashi kwa yaliyobaki, yatakufikisha. Fungua dirisha, vaa barakoa ya mafundi rangi yenye chujio la mvuke, na hakikisha jiko la mkaa haliko karibu. Mvuke wa tina unawaka.

Praima na kijani

Praima ya kijivu, kwa mfano Mr. Surfacer 1200, mikono miwili myembamba. Kazi yake ni kushika plastiki na kukuonyesha makosa: mshono ambao haukusuguliwa, alama ya gundi, nyufa za mtutu. Rekebisha sasa kwa msasa laini. Baada ya hapo, pulizia rangi nyeusi iliyofifia (XF-69; namba zote za XF na X humu ni za rangi za Tamiya) sehemu za chini, kati ya magurudumu na chini ya madigadi. Huko ndiko kivuli kinakokaa.

Kwa kijani cha Kichina mimi huchanganya XF-58 sehemu 3 na XF-5 sehemu 1. Punguza rangi na tina nusu kwa nusu, msukumo wa hewa psi 15 hadi 20, umbali wa sentimita 8 au 10. Mikono iwe myepesi. Ukiona rangi inang'aa kwa maji, umezidisha. Sogea mbali, subiri.

Kijani kimoja tu kwenye kitu kidogo huonekana kizito, cheusi kuliko kilivyo. Kifaru cha kweli kinapigwa na jua la ikweta, na mwanga wake unatoka juu moja kwa moja. Kwa hiyo ongeza kwenye mchanganyiko wako XF-57, ile rangi ya hudhurungi hafifu, kidogo kidogo, upulizie sehemu zinazotazama angani: paa la tureti (kile kichwa kinachozunguka chenye mtutu), vifuniko vya milango, katikati ya mabamba ya injini, mgongo wa mtutu. Usitumie nyeupe kufifisha kijani. Inakipa rangi ya maziwa, na jua la kweli hukipeleka kijani kwenye unjano na uvumbi. Fanya tofauti iwe kubwa kidogo kuliko inavyokupendeza, kwa kuwa kila hatua inayofuata itaifuta kidogo.

Mpira wa magurudumu upake kijivu kilichokolea, si nyeusi. Mpini wa sepetu upake rangi ya mti. Turubai lililokunjwa lisiwe kijani kilekile cha bodi. Mambo madogo haya hufanywa kwa brashi, jioni, redio ikiwa imewashwa.

Kuhusu namba na alama: kama huna picha ya kifaru unachokitengeneza, acha tureti bila namba. Kama unazo dekali, yaani alama za kubandika kwa maji, ziweke juu ya vanishi inayong'aa, na tumia Micro Sol, kimiminika cha kuzilainisha, ili zilale kwenye mabonde ya chuma.

Vanishi, na masika ya Dar

Vanishi inayong'aa kidogo inahitajika sasa ili rangi nyepesi ipenye kwenye mabonde badala ya kusambaa kama chai kwenye karatasi. Hapa ndipo hali ya hewa ya pwani inapoingilia. Ukipuliza vanishi ya laka wakati hewa imejaa unyevu, tina inapofuka hupoza uso wa modeli, mvuke wa maji unaganda juu yake na vanishi inageuka nyeupe kama ukungu. Imenipata Aprili moja, saa mbili usiku, mvua ikinyesha nje.

Puliza mchana, saa saba au saa nane, siku ya jua, maana joto likipanda unyevu wa hewa hushuka. Pasha kopo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, si moto. Tumia tina inayokauka polepole. Kama imeshakuwa nyeupe usiisugue. Subiri siku kavu, puliza mkono mwembamba wa tina hiyohiyo inayokauka polepole, mara nyingi ukungu huondoka. Kisha acha siku mbili kabla ya kuigusa kwa tapentaini.

Kupenyeza rangi

Chukua rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, chembe ya ukubwa wa punje ya mchele, iyeyushe kwenye tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi. Kwa ncha ya brashi namba 0, gusa kando ya kila bolti, kila bawaba, kila mshono wa kuchomelea. Gusa tu, na kimiminika kitakimbia chenyewe. Baada ya dakika ishirini futa palipozidi kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini, ukivuta kutoka juu kwenda chini kama mvua inavyofanya.

Usikiogeshe kifaru kizima. Kuna waliofundishwa hivyo zamani, na matokeo yake ni kifaru kinachofanana na chungu kilichokaa jikoni.

Mikwaruzo

Kata kipande cha sponji ya godoro, kichovye kwenye kijani kilichofifishwa, kipanguse kwenye kadibodi hadi kibaki karibu kikavu, kisha gonga gonga kwenye kingo. Hiyo ni mikwaruzo ya juujuu, rangi juu ya rangi. Baadaye, ndani ya baadhi ya mikwaruzo hiyo, kwa brashi nyembamba kabisa, weka kahawia nyeusi kwa mahali ambapo chuma chenyewe kimefikiwa.

Jiulize nani amekwaruza. Askari wanne wanapanda na kushuka kila siku kwa buti zenye changarawe. Wanapanda wapi? Madigadi ya mbele, ukingo wa mlango wa dereva upande wa kushoto, vishikio vya tureti, kuzunguka vifuniko viwili vya juu. Kona za madigadi hugonga miti. Ubavu wa tureti haukanyagwi na mtu, basi uache. Ukishindwa kusema nani aliufanya mkwaruzo, ufute.

Nukta za mafuta

Hatua hii napenda kuliko zote. Kamulia rangi za mafuta kwenye kadibodi ya boksi, uziache nusu saa. Kadibodi inanyonya mafuta na rangi itakauka bila kung'aa. Weka nukta ndogo sana za hudhurungi, njano ya udongo, kijani na bluu kidogo kwenye bamba moja, lowesha brashi bapa kwa tapentaini, ikamue karibu yote, uvute nukta hizo chini hadi zipotee. Kinachobaki ni kijani kisicho sawasawa, kama kijani cha kitu kilichoishi nje. Bamba moja kwa wakati mmoja. Kwenye mabamba ya wima vuta wima. Kwenye ya kulala, gonga kwa ncha.

Minyororo

Minyororo ya Type 59 ni chuma kitupu, haina vipande vya mpira. Paka kahawia iliyochanganywa na nyeusi iliyofifia (XF-64 na XF-69), penyeza kahawia nyeusi, halafu fikiria msuguano. Upande unaokanyaga barabara ya changarawe husuguliwa hadi ung'ae: pitisha penseli ya 6B kwenye kingo zilizoinuka. Upande wa ndani unang'aa mahali pawili tu, kwenye njia wanamopita magurudumu na kwenye ubavu wa meno ya katikati. Meno ya gurudumu la nyuma nayo yapate penseli. Kutu iwe ya jana usiku, nyepesi, kwenye mabonde ambako hakuna kinachosugua.

Vumbi na tope

Sasa udongo. Wekundu wa moramu unatokana na oksaidi ya chuma, ambayo ndiyo kutu yenyewe. Kwa hiyo kwenye kifaru cha Masaka kutu na vumbi ni ndugu wa damu, na usipokuwa mwangalifu jicho halitavitenganisha: kifaru kizima kitaonekana kimeoza. Vitenganishe kwa makusudi. Vumbi livute kwenye chungwa na waridi, liwe hafifu, lisilong'aa, na likae kwenye sehemu za kulala. Kutu iwe kahawia nyeusi, michache, kwenye ekzosi na minyororo. Hiyo ni sababu nyingine ya kubana kutu tangu mwanzo.

Tabaka la kwanza la vumbi ni la kupuliza. Changanya XF-64 sehemu 2, XF-59 sehemu 2 na tone la X-6 ya chungwa, punguza hadi iwe maji, tina asilimia 80 au zaidi, msukumo mdogo. Puliza kutoka chini kwenda juu: magurudumu, ubavu wa chini, chini ya madigadi, na zaidi ya yote bamba la nyuma. Minyororo hutupa vumbi nyuma, na kifaru kinachotembea katika msafara hula vumbi la mwenzake wa mbele kwa uso. Katikati ya ubavu kuwe na kidogo. Kabla ya kupuliza unaweza kupitisha dawa ya nywele ya saluni, iliyohamishiwa kwenye eabrashi; rangi ya vumbi ikikauka, lowesha brashi kwa maji na sugua mahali ambapo matone ya mvua yangepita. Vumbi litatoka kwa michirizi ambayo huwezi kuichora kwa mkono.

Tabaka la pili ni unga. Unga wa rangi wa dukani upo, wa AK Interactive na wengine, ila mimi hutumia udongo wenyewe. Chota moramu kavu, ikaange kwenye kikaango kikuukuu hadi unyevu uishe (mwenye jiko apewe taarifa mapema), isage kwenye kinu kidogo, kisha ichekeche kwenye soksi ya nailoni mara tatu. Usiruke kuchekecha: chembe ya nusu milimita kwenye modeli ni jiwe la karibu sentimita 2 juu ya tureti. Unga wako uwe laini kama poda ya mtoto, na uvae barakoa unapousaga.

Uweke ukiwa mkavu kwa brashi laini kwenye pembe ambako upepo na buti havifiki: nyuma ya taa, kuzunguka vifuniko vya injini, chini ya tureti kwa mbele. Upulize kwa mdomo kidogo. Kisha dondosha tapentaini pembeni ya unga, iache ipenye yenyewe. Ikikauka, unga umeshika kwa kiasi. Rangi yake ikiwa mbichi itakutisha kwa wekundu; ikikauka inarudi. Pale askari wanapokalia na kukanyaga, futa kwa kijiti cha pamba, kijani kirudi.

Tope la Lukaya ni jambo jingine. Barabara pale inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo, na tope la kinamasi ni jeusi, si jekundu. Kifaru kilichoshuka pembeni ya barabara kitakuwa na tope jeusi chini na moramu juu yake, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ndio unaomwambia mtazamaji kilipita wapi. Changanya unga wa udongo mweusi, plasta laini kidogo na gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa na maji. Panda mchanganyiko kati ya magurudumu na kwenye minyororo, kisha chukua mswaki wa zamani, uchovye, ukwangue nyuzi zake kwa kijiti cha meno ili matone yaruke chini ya ubavu. Jaribu kwanza kwenye kadibodi. Tope bichi lipate vanishi inayong'aa kwenye kina chake tu. Kingo zake ziwe kavu na hafifu zaidi. Majani mawili matatu ya katani yaliyokatwa vipande, yakinaswa kwenye gurudumu la meno, yanatosha kuwa mafunjo.

Vanishi ya mwisho isiyong'aa ipulizwe kabla ya unga, kamwe si baada yake. Vanishi hunywesha unga, wekundu unakolea na vumbi lako lote linageuka doa.

Moshi na mafuta

Pulizia nyeusi yenye kahawia, nyepesi sana, kutoka kwenye mdomo wa ekzosi kwenda nje na kidogo nyuma juu ya madigadi ya kushoto, na uguse unga mweusi ndani ya tundu. Kwenye vifuniko vya kujazia dizeli na chini ya madramu weka michirizi ya rangi ya mafuta ya kahawia nyeusi iliyochanganywa na vanishi inayong'aa, miwili au mitatu. Dizeli iliyomwagika juu ya vumbi hulifanya liwe doa lenye ukingo, kwa hiyo hatua hii ije baada ya unga. Katikati ya magurudumu, tone la grisi.

Shika modeli kwa ubao wake kuanzia hapo, usiiguse bodi. Alama ya kidole kwenye unga haifutiki bila kuanza upya. Kisha ifunike. Vumbi la sebuleni kwangu ni la kijivu, na ndani ya mwezi mmoja lilikuwa limeshageuza Masaka yangu kuwa ile saruji ya jirani. Fundi vioo wa mtaani alinikatia kasha la kioo la sentimita 30 kwa 20 kwa 18, na silicone kidogo kwenye kona.